Zana za kuanzia ufundi wa ngozi ukiwa Mtwara: zipi ununue na zipi utengeneze mwenyewe

Ndugu zangu wa kusini, habari za kazi. Siku hizi vijana wengi wanauliza kuhusu kutengeneza mikanda, waleti na makobazi ya ngozi kwa mkono, na swali la kwanza kila mara ni zana, nianze na nini. Wengi wakiingia mtandaoni wanakutana na yale mabegi ya vifaa arobaini, hamsini kwa bei moja, picha inavutia, wanatuma hela. Mi naomba mtulie kwanza. Kwenye begi lile zaidi ya nusu ya vitu hutavigusa mwaka mzima, alafu vile unavyovishika kila siku, yaani kisu na sindano ya kutobolea, ndo vibovu kuliko vyote, chuma laini, ukikandamiza kidogo ncha imelala. Bora uwe na vitu vichache vinavyofanya kazi, na hapa Mtwara vingi kati ya hivyo unatengeneza mwenyewe au unatengenezewa na seremala wa mtaani kwako au mchonga vinyago, hela inayobaki unanunulia ngozi. Mkono unajifunza kwenye ngozi, sio kwenye begi la vifaa.

Tuiguse ngozi yenyewe kidogo maana zana inategemea ngozi. Kuna iliyosindikwa, yaani iliyotiwa dawa isioze, kwa magome ya miti, na kuna ya kromu, yaani ya dawa ya madini. Ya magome ni ngumu kiasi, inashika umbo, ukiilowesha ukaigonga alama inabaki, na kingo zake ukizisugua zinang'aa. Ya kromu ni laini, ndo utaikuta kwenye mikoba na masofa, na kingo zake hazing'ai hata usugue hadi jioni. Magome nchini tunayo, kule Njombe kampuni ya TANWAT ipo tangu 1949, inapanda miti ya miwati na imekuwa ikitoa kwenye magome yake hiyo dawa ya kusindikia, na enzi za mkoloni magome ya mikoko ya pwani yetu hii yalikuwa yanapakiwa melini kwenda nje kwa kazi hiyo hiyo (sa hivi mikoko inalindwa, asije mtu akaenda kuibandua). Anayeanza atafute ngozi ya magome, milimita 3 hadi 4 kwa mkanda, milimita 1 hadi 1.5 kwa waleti. Ngozi mbichi ya mbuzi, ile wanayowambia ngoma, sio ya kazi hii kabisa, ile imekaushwa tu haijasindikwa, ikikauka inakakamaa na ikipata maji inaanza kunuka.

Ngozi iliyosindikwa wengi huku tunaagiza Dar inakuja na basi, kilomita kama 560 hivi, inauzwa kwa futi za mraba. Usianze na ngozi nzima. Agiza mabaki kutoka kwenye karakana zinazotengeneza viatu na mikanda, vipande vya ukubwa wa kiganja au sahani vinatosha kabisa kujifunzia. Na ukipewa kitu unaambiwa ni ngozi na una wasiwasi, geuza nyuma uangalie, ngozi ina nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, ya bandia utaona kitambaa kilichofumwa. Au chomoa unyuzi uuchome, ngozi inanuka nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka na kufanya kidonge.

Haya, kisu sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndo kitu cha kwanza na ndo ambacho watu wanakipuuza sana.

Cha kuanzia kabisa ni kile kisu cha wembe wa kukatika, ambao ukiwa butu unavunja kipande unasogeza mbele. Vinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na stationari. Chukua kile kipana chenye mwili wa chuma, vile vyembamba vya plastiki wembe unacheza ndani na mstari unapinda, hasa kwenye ngozi nene. Kwa hicho peke yake unaweza kufanya kazi miezi. Ila ukitaka kisu cha kukatia mkunjo na kupunguza unene wa ngozi pembeni, nenda ukaangalie mafundi viatu pale stendi wanatumia nini. Wengi wanatumia kisu walichotengeneza kwa bledi ya msumeno wa chuma, na kikinolewa vizuri kinapita kwenye ngozi bila kelele.

Lakini sio kila bledi. Kuna bledi zinazopinda bila kuvunjika, zile ugumu uko kwenye meno tu, mgongo wote ni chuma laini, ukiitengeneza kisu itanoleka vizuri na baada ya mikato michache imekuwa butu tena. Unayoitaka ni ile ngumu yote, ambayo ukiipinda inavunjika pap. Kwa hiyo ukiwa unaivunja ifunge kwenye kitambaa kizito na vaa miwani, vipande vyake vinaruka. Kata kama sentimita 15, saga upande mmoja tu uwe mteremko, upande wa pili ubaki bapa kabisa. Ukisagia kwenye jiwe la umeme, chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache, bledi nyingi chuma chake kikigeuka rangi ya bluu ugumu umepotea na hakuna jinsi ya kuurudisha hapo nyumbani. Mpini zungusha mpira wa tyubu ya baiskeli, unashika vizuri hata mkono ukiwa na jasho.

Kunoa ndo kila kitu. Usinunue kisu cha pili kabla hujajua kunoa cha kwanza. Kama huna jiwe zuri, chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, lowesha, bandika juu yake msasa wa maji namba 400, alafu 800, alafu 1500 au 2000 ukipata. Kioo kiko bapa kweli kweli ndo maana kinafaa. Noa ule mteremko kwa pembe moja usiichezeshe, mpaka ukipitisha kidole upande wa pili (kwa kukatisha, sio kufuata makali) usikie kingo nyembamba imejikunja urefu wote wa kisu. Hiyo ndo dalili kwamba umefika, hamia msasa laini zaidi. Mwisho bandika kipande cha ngozi juu ya ubao, upande wa nyama ukiwa juu, paka Brasso kidogo au ile sabuni ya kijani ya kung'arishia chuma, vuta kisu kurudi nyuma, kila upande mara ishirini au thelathini. Kila ukianza kazi, na katikati ya kazi, rudi kwenye huo ubao.

Jaribu kwenye kipande cha ngozi. Kisu kilichonoleka ukikivuta ngozi inafunguka kimya kimya, na ukiangalia ule mkato ukutani mwake unang'aa, umebana. Kisicho na makali kinakwaruza, unasikia kabisa, ngozi inavutika kabla ya kukatika na mkato unabaki na manyoya. Ukiona manyoya acha hapo hapo ukanoe, kwa sababu hayo manyoya yatakusumbua mpaka mwisho kwenye kingo na hutajua yametoka wapi. Na ajali nyingi za vidole zinatoka kwenye kisu butu, mtu anakandamiza kwa nguvu, kinateleza.

Kisu kinaenda na rula ya chuma. Ya plastiki au ya mbao hapana, kisu kinaila na mstari unaharibika. Sentimita 30 kwa kuanzia, na chini yake bandika kipande chembamba cha msasa isiteleze. Ukipata na ile skwea ndogo ya mafundi wa kuchomelea utashukuru, waleti ikiwa na kona isiyo mraba hata milimita mbili inaonekana ukishaikunja. Chini ya ngozi weka ubao wa plastiki wa kukatia mboga, ule mzito. Usikatie juu ya marumaru wala saruji, wembe unakufa mara moja.

Kwa kuchora mstari wa kushonea, bikari ya mkebe wa shule inatosha. Toa penseli weka msumari mwembamba uliochongwa ncha ikawa mviringo isikwaruze, mguu mmoja unapita nje ya ukingo mwingine unachora ndani. Funga milimita 3 kwa waleti na 4 kwa mkanda. Kitu hicho ni cha hela kidogo sana na kazi yake sijaona tofauti na ile ya bei kubwa, isipokuwa skrubu yake ikilegea inabadilisha kipimo, basi ifunge na kipande cha raba.

Sasa kutoboa. Dukani kuna vile vyuma vyenye meno, unaweka juu ya ngozi unagonga vinatoboa matundu manne au sita kwa mpigo. Hivi kwa kweli kama una hela kidogo ya kutumia kwenye kitu kimoja cha kununua, nunua hivi, kimoja cha meno mawili kwa ajili ya kona na kimoja cha meno manne. Nafasi ya milimita 4 kati ya jino na jino inafaa kazi nyingi. Vikifika angalia meno kwa jicho, yawe yamenyooka na urefu sawa, alafu yasugue kidogo na msasa 2000 mpaka yawe laini, la sivyo yananasa kwenye ngozi na ukivuta yanaivuta ngozi nayo.

Kama hela haipo, uma wa kulia chakula unakusaidia kuweka alama za nafasi, noa ncha zake, kandamiza, jino la kwanza unaliweka kwenye alama ya mwisho ili nafasi zisipotee. Nafasi zitakuwa pana kidogo lakini zitakuwa sawa sawa, na kwenye makobazi au mkanda zinapendeza. Baada ya hapo unatoboa tundu moja moja kwa sindano ya kutobolea.

Na hii sindano huku kwetu tuna bahati. Msimu wa korosho ukikaribia, maduka yanakuwa na shazia za kushonea magunia, zile sindano nene ndefu. Chukua moja iliyonyooka, kata upande wa tundu, igongomee kwenye mpini wa mti mgumu uliotobolewa tundu dogo kuliko sindano yenyewe, acha itokeze kama sentimita 3 tu, ikitokeza sana inapinda. Ncha yake isage kwa tupa ndogo iwe na pande nne kama almasi iliyobapa, sio ya duara. Kwa nini? Tundu la duara linasukuma ngozi pembeni na linabaki wazi, tundu lenye kona linakata mlango mwembamba ambao unajifunga baada ya uzi kupita, na likikaa mshazari mshono wako unalala mshazari vile vile, ule muonekano ambao watu wanaulizia bei. Ukikosa shazia, spoku ya baiskeli inafaa, mafundi viatu wengi ndo wanatumia hiyo. Mpini tengenezesha unaojaa kiganjani na mviringo nyuma, utakuwa unausukuma kwa kiganja mara mamia.

Ukitoboa chini weka kitu, kizibo cha chupa ya mvinyo au kipande cha ndala nzito, ili usijitoboe na ncha isigonge ubao. Na kila baada ya matundu machache choma sindano kwenye donge la nta, inapita laini.

Nyundo. Usigonge vyuma vyenye meno kwa nyundo ya chuma, vichwa vya hivyo vyuma vinapasuka na kutawanyika na vipande vinaruka mkononi. Seremala yeyote anaweza kukutengenezea nyundo ya mti kutoka kwenye kipande kilichobaki, iwe nzito kiasi, mpini mfupi. Ya kugongea pini za ribiti ndo iwe ya chuma. Chini ya ngozi unayogonga unahitaji kitu kizito kisichodunda. Gogo la mwembe lililokatwa likasimama kama magogo ya bucha ndo bora, nyuzi za mti zikiwa zimeangalia juu. Juu ya gogo weka kipande cha plastiki nene ili meno yakipenya yasiliwe na mti wala yasiguse mchanga uliojificha kwenye nyufa. Ukikaa nyumba ya kupanga gonga mchana jamani, majirani nao watu.

Kwa matundu ya mkanda na ya vifungo, kuna lile koleo la kuzungusha lenye mirija ya saizi tofauti. Ni la haraka, lakini ya bei rahisi yanapinda mkono yakikutana na ngozi ya milimita 4 na tundu linatoka nusu. Mi napendelea panchi za kugonga moja moja, nunua mbili tu, milimita 3 na milimita 4, utafanya mikanda yote unayoitaka.

Tuje kwenye kushona, ambapo mtu wa Mtwara yuko mbele ya wengine bila kujua. Uzi mzuri upo hapa hapa, nenda kwenye maduka ya zana za uvuvi, Mikindani au huku Shangani, waulize nyuzi za kushonea nyavu. Nailoni iliyosokotwa, imara, haiozi, inakuja unene mbalimbali. Chukua wa karibu milimita 0.8 kwa waleti, milimita 1 kwa mkanda na makobazi. Rangi ndo shida, mara nyingi ni nyeupe, kijani au bluu, ukitaka kahawia au nyeusi nunua ule wa mafundi viatu wa polista, na polista inavumilia jua kuliko nailoni. Angalia uzi usiwe laini sana kama wa nguo, ule utakatika kwenye kingo za tundu.

Uzi lazima upite kwenye nta. Hii nayo ni ya kwetu, wafuga nyuki wa Liwale na Nachingwea wanayo na wengine wakishakamua asali hawaioni kama mali. Ukiipata chafu iyeyushe, lakini usiweke sufuria yake moja kwa moja kwenye moto, weka ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 tu, ikizidi sana inashika moto na ule ni moto mbaya. Chuja kwa kitambaa cha pamba, mimina kwenye kikombe kilichopakwa mafuta kidogo, ikiganda una donge la miaka. Vuta uzi juu yake mara tatu nne mpaka usikie unakamata vidole. Uzi wenye nta haufumuki, haunyonyi maji, na mshono unajishika wenyewe wakati unavuta.

Sindano za kushonea ni mbili, na ziwe butu. Watu wanashangaa hapa. Tundu tayari umeshalitoboa, sindano kazi yake ni kubeba uzi tu, ikiwa na ncha kali itachoma uzi uliotangulia au itajitafutia njia nyingine. Nunua sindano nene za mkono zenye tundu kubwa, sugua ncha kwenye jiwe mpaka iwe mviringo.

Mshono wenyewe uko hivi. Kata uzi mara nne ya urefu unaotaka kushona, sehemu ya sentimita 20 chukua 80 na ziada ya kufungia. Sindano moja kila mwisho. Pitisha kwenye tundu la kwanza uvute mpaka pande mbili zilingane. Tundu linalofuata, sindano ya kushoto inapita kwanza kwenda kulia, ivute uzi kidogo, alafu ya kulia inarudi kwenye tundu hilo hilo nyuma ya ule uzi, na kabla hujakaza vuta kidogo ule uzi wa kwanza huku na huku uone kama unacheza, usipocheza umeuchoma, rudi nyuma. Kisha kaza mikono yote miwili kwa nguvu sawa kuelekea nje. Tundu linalofuata vile vile, utaratibu ule ule, usibadilishe sindano ya kuanza, ukibadilisha hata mara moja pale mshono utaonekana umegeuka. Mwisho rudi nyuma matundu mawili matatu, kata, choma ncha kwa kiberiti ikiwa nailoni au polista na ikandamize haraka na kitu cha chuma.

Mafundi viatu wengi wanatumia sindano ya ndoano, ni haraka sana na kwa kiatu cha kushonwa mteja akisubiri ndo yenyewe. Ila mshono ule uzi mmoja ukikatika unaweza kulegea kuendelea mbele, wa sindano mbili kila tundu lina nyuzi mbili zinazopita, mmoja ukikatika mwingine umeshika. Kwa waleti na mkanda wa kuuza shona sindano mbili.

Mikono yote miwili ikiwa na kazi nani anashika ngozi? Hapo unahitaji kibanio. Mbao mbili za urefu wa sentimita 40 hivi zimesimama kwenye kitako, zimeungwa chini, juu zinakutana kama mdomo, katikati bolti ndefu yenye nati ya kukaza kwa mkono. Midomo ibandikwe ngozi isiache alama. Unakalia kitako chake, kibanio kiko mbele yako katikati ya mapaja. Mchoree seremala kwenye karatasi, ni kazi ya muda mfupi kwake. Ukishazoea kibanio hutashona tena ngozi ikiwa magotini.

Gundi ni ile ile ya viatu, ya njano. Kazi yake ni kushikilia vipande mpaka ushone, sio kuchukua nafasi ya mshono. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa na kidole haivutiki, alafu bandika mara moja kwa usahihi maana haitaki kurekebishwa. Kwetu huku joto linaikausha haraka, paka kidogo kidogo. Na siku zile za mvua hewa ikiwa nzito, wakati mwingine inafanya utando mweupe juu na haishiki, hapo futa usubiri hewa ikauke. Fanyia nje chini ya mti, sio chumbani, mvuke wake ukiuvuta kila siku unaharibu mishipa ya fahamu, na unashika moto kwa hiyo jiko la mkaa liwe mbali. Watoto pia wawe mbali na kopo, hili nasisitiza.

Kingo sasa, na hapa ndo wachonga vinyago wanaingia. Kuna kijiti cha kusugulia kingo ambacho kina mifereji ya upana tofauti. Cha kununua mara nyingi ni mti wa kawaida, kinavimba na kuchubuka. Mpingo ni mzito hauelei hata kwenye maji, mgumu na ukisuguliwa unakuwa laini mno. Mchonga vinyago ana vipande vilivyobaki chini ya benchi yake, mwombe akuchongee kimoja chenye mifereji miwili mitatu, mmoja uwe mpana kidogo kuliko ngozi ya milimita 3, mwingine kwa milimita 5 za vipande viwili vilivyobandikwa. Kipige msasa mpaka 2000, kisha kisugue kwanza kwenye kitambaa cheupe kuona kama kinaacha rangi, kikiacha endelea kukisugua na nta.

Namna ya kufanya: punguza kona za ukingo kwa kisu kikali au kwa kifaa chake kama unacho, piga msasa 400 alafu 800, lowesha ukingo kwa kidole chenye maji, kidogo tu, sugua na mpingo haraka haraka kwenda na kurudi mpaka usikie joto. Utaona manyoya yanalala na ukingo unaanza kuwa kitu kimoja kama vile haukuwa vipande viwili. Paka nta, sugua tena na kitambaa cha kanvasi au kipande cha jinzi. Kwenye ngozi ya kromu usijitese, tumia rangi ya kingo au kunja ngozi ndani.

Jambo moja ambalo miongozo mingi haisemi kwa sababu waandishi wake hawakai pwani. Chumvi ya hewa yetu inakula chuma. Kila jioni futa kisu, meno na sindano, paka mafuta ya cherehani tone moja, funga kwenye kitambaa. Usihifadhi kisu kwenye ala ya ngozi ya magome, ile ngozi ina unyevu na asidi yake, asubuhi unakuta kutu. Na kuna kitu kinawaogopesha wanaoanza, unalowesha ngozi ya magome, unaacha rula au msumari juu yake, ukitoa unakuta doa jeusi la bluu bluu. Sio uchafu, ni chuma kimekutana na dawa ya magome. Ukiwahi, paka maji ya ndimu taratibu kwa kitambaa, doa nyingi zinafifia, kisha futa na maji safi uache ikauke kivulini. Kuzuia ni kuweka karatasi kati ya chuma na ngozi iliyolowa, na kufuta jasho la mikono.

Mvua zikianza Desemba mpaka Aprili ukungu unakuja. Ngozi usiiweke kwenye mfuko wa plastiki, isokote kwa ulegevu, upande wa juu ukiangalia nje, ifunge kwenye shuka au karatasi ya kaki, iweke juu sio chini sakafuni wala kuegemea ukuta. Siku yenye upepo ianike kivulini, sio juani, jua linaikausha inakuwa kama biskuti. Ukungu ukitokea futa kwa kitambaa kikavu ukiwa nje, kisha kitambaa chenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu.

Kwa mpangilio wa kununua, ukiwa na hela kidogo kidogo: kwanza kisu cha wembe, rula ya chuma, msasa wa aina tatu na kioo. Pili shazia, sindano, uzi, nta. Hapo tayari unaweza kutengeneza kitu. Tatu vyuma vya meno na nyundo ya mti. Kibanio. Kisha panchi mbili, gundi, na mpingo wako. Mashine ya kushonea, mihuri ya maua, rangi za kila aina, hivyo subiri mpaka wateja wenyewe wakulazimishe.

Ukitaka mtu wa kukuonesha, kaa na fundi viatu, mletee soda, muulize kwa heshima, wengi wanafundisha bila kinyongo na wana ujanja wa kunoa ambao huupati kwenye video. Ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zipo Mtwara na Lindi, pita ukaulize kuhusu mafunzo na namna ya kuanza biashara ndogo. Anayetaka kusomea ngozi kwa undani, mpaka usindikaji, kampasi ya Mwanza ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) ndo inafundisha hayo.

Na kitu cha kwanza cha kutengeneza kiwe kishikio cha funguo. Kipande cha sentimita 2 kwa 16, kunja katikati juu ya pete, gundi, mstari wa milimita 3 kutoka ukingoni, toboa, shona pande mbili, sugua kingo. Tengeneza vingi kutoka kwenye mabaki, weka tarehe nyuma kwa kalamu, uviweke kwa mpangilio uone nafasi za mshono zinavyokaa sawa kila unavyoendelea. Mishono ikishalingana mbele na nyuma, hamia kwenye kishikio cha kadi, alafu mkanda, na kwa mkanda pima kiuno cha mtu kwa kamba juu ya suruali aliyovaa, anzia kwenye mkunjo wa bizimu mpaka tundu la katikati, ongeza sentimita 15 za mkia.